Pi 4 yangu inarekodi safi usiku, mchana inakwaruza. Tatizo liko wapi?

#1 Nyuzi_Nane (Kondele, Kisumu)

Habari za jioni wadau. Nina chumba kidogo cha kurekodi hapa Kondele, nyuma ya duka la dada yangu. Mashine ni Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ya RAM 4GB, kadi ya sauti ya USB yenye matundu mawili, maikrofoni moja nzuri na nyingine ya kawaida. Programu ya kurekodi ni Reaper. Nimefanya kazi hivi miezi saba. Niliichagua hii bodi kwa sababu ya pesa na kwa sababu ya stima: taa zikizima, Pi na kadi ya sauti zinabaki kwenye betri ya sola na mwimbaji anamaliza ubeti wake.

Sasa sikilizeni. Nikirekodi kuanzia saa tatu usiku, sauti ni safi kabisa. Nikirekodi mchana, hasa kati ya saa sita na saa kumi, inaingia mikwaruzo: tik, tik, kimya, tik. Haiko kwenye spika tu, imo ndani ya faili lenyewe. Jumamosi nimepoteza wimbo wa ohangla wa dakika saba. Mpiga orutu, ile fidla ya uzi mmoja, alikuja kutoka Bondo kwa nauli yake, na sikuwa na uso wa kumwomba arudie mara ya nne.

Bafa (akiba ndogo ya sauti inayosubiri zamu yake) ni 256, sauti ni sampuli 48000 kwa sekunde, traki nane kwa kawaida. Nani ameshapitia haya? Na mniambie ukweli: hii bodi ni chombo cha studio, au napotezea watu muda wao?

#2 Bati_Moto (Nyalenda)

Omera, angalia juu ya kichwa chako. Mabati! Kisumu saa nane mchana chini ya bati bila dari, hata wewe mwenyewe unapunguza mwendo. Pi 4 ikikaribia nyuzi 80 za joto inajipunguzia kasi ili isiungue. Kasi ikishuka katikati ya kurekodi, prosesa inachelewa kujaza bafa, na sauti inakatika. Usiku hewa ya ziwa inaingia, inapoa, mambo yanakuwa shwari.

Yangu ilinisumbua hivyo hivyo hadi nikaitia ndani ya kasha la alumini linalogusa prosesa moja kwa moja. Usinunue feni, maikrofoni itaisikia.

Nyuzi nane ulizokuwa nazo zinakutosha, hizo themanini ni za nini?

#3 Section58 (Nakuru)

Uza hicho kidude ununue ThinkPad ya mtumba. Mimi nilifanya hivyo mwaka jana hapa Nakuru na sijawahi kusikia tik hata moja. Laptopu ina betri yake, kioo chake, kibodi yake. Ukijumlisha Pi, chaja, kasha, kadi ya kumbukumbu, skrini na nyaya, umeshafika bei ya laptopu.

#4 WayaMbili (Nakuru)

Kabla ya kuuza chochote, fungua dirisha la amri uandike `vcgencmd get_throttled` kisha `vcgencmd measure_temp`, utuletee majibu: ya kwanza inaonyesha kama bodi imewahi kupungukiwa umeme au kasi, ya pili ni joto. Na chaja ni gani? Ile iliyokuja na bodi ama ya simu?

#5 Nyuzi_Nane

Asante WayaMbili. Jibu la kwanza ni `throttled=0x50000`. Joto ni nyuzi 61. Chaja ni ya simu, imeandikwa 5V 3A.

#6 WayaMbili

Basi joto lisisingiziwe. Hiyo namba inasomwa biti kwa biti. 0x50000 ni biti ya 16 na biti ya 18. Ya 16 inasema umeme umewahi kushuka chini ya volti 4.63 tangu uiwashe. Ya 18 inasema kasi imewahi kupunguzwa. Ile ya joto ni ya 19, na kwako haimo. Chaja ya simu inaweza kuandikwa 3A na isiweze kuzitoa kwa mfululizo, na waya mwembamba unakula volti njiani. Kadi ya sauti inakunywa kutoka kwa bodi hiyo hiyo. Ukifungua maikrofoni yenye kuhitaji volti 48, inakunywa zaidi.

Tafuta chaja rasmi ya Pi 4. Hiyo inatoa volti 5.1, si 5.0, na waya wake umeunganishwa moja kwa moja.

#7 Mama_Alto (Milimani, Kisumu)

Wanangu, mimi ni mwalimu wa kwaya. Nimesoma "biti ya 16 na biti ya 18" nikahesabu biti za wimbo wetu wote nikakosa ya kumi na sita. Nielezeni kwa Kiswahili cha mtu anayeimba.

Naijua studio hiyo ya Nyuzi_Nane, tulirekodi huko Aprili, usiku, na sauti za soprano zilitoka nzuri sana. Kwa hivyo msimwambie auze.

#8 Bati_Moto

WayaMbili unaenda mbio. Hiyo nyuzi 61 ameipima saa ngapi? Ameandika uzi jioni, amejibu saa nne usiku. Apime saa nane mchana akiwa na traki nane wazi, ndipo tuongee.

#9 Kinanda_Lurambi (Kakamega)

Mulembe. Mama_Alto, biti hizi si za ngoma, ni taa ndogo ndani ya mashine: inawaka ukitokea mkosi wa aina fulani, na hizo za 16 kwenda juu zinabaki zimewaka hadi uzime mashine. Ndiyo maana zinatumika kama shahidi.

Sasa bafa, kwa mfano wa kwaya. Mashine haichezi sauti tone kwa tone. Inajaza ndoo, inampa kadi ya sauti, inajaza nyingine. Ndoo ya Nyuzi_Nane ina matone 256. Kwa matone 48000 kwa sekunde, ndoo moja inakaa milisekunde 5.3, mbili ni 10.7. Mashine ikichelewa kuleta ndoo hata mara moja, kadi inakuta hakuna kitu, na hiyo ndiyo tik. Ukiongeza ndoo iwe 1024, mashine inapata nafasi ya kupumua, lakini mwimbaji anajisikia kwenye hedifoni akiwa amechelewa zaidi ya milisekunde 40. Sauti hewani husafiri kama mita 3.4 kwa milisekunde 10, kwa hivyo ni kama kuimba na mwenzako aliyesimama umbali wa mita 14. Kwaya nzuri haivumilii hilo.

Dawa: kama kadi yako ina kitufe cha kumpelekea mwimbaji sauti yake moja kwa moja bila kupitia kompyuta, kitumie, halafu weka bafa 1024. Ukirekodi tu bila kutia mwangwi wa papo hapo, huna haja ya 256.

Pili, na hapa ndipo naweka shaka yangu: kwa chaguo-msingi Pi 4 hucheza kati ya megahezi 600 na 1500 (1800 kwa zilizotoka baadaye) kulingana na kazi. Kupanda kasi kunachukua muda. Iambie ikae juu wakati wote, hali inayoitwa `performance`. Kwangu hilo peke yake liliondoa mikatiko mingi kuliko kasha lolote.

#10 Mvuvi_Dunga (Dunga)

Ninyi nyote mnasahau kwamba kwenye Pi matundu ya USB na waya wa intaneti yanatumia njia moja. Mchana unapakua kitu, simu zote za nyumba ziko kwenye Wi-Fi, kadi ya sauti inakosa nafasi. Usiku watu wamelala. Zima intaneti ukirekodi. Yangu iliisha hivyo.

#11 Kinanda_Lurambi

Mvuvi, hiyo ni kweli kwa Pi 3 na za nyuma yake: USB na Ethernet zote zilipita kwenye barabara moja ya USB 2.0. Pi 4 iliyotoka Juni 2019 ilibadilisha hilo. Ethernet ina njia yake, na matundu ya USB yanakaa kwenye chipu nyingine. Ila kuzima Wi-Fi bado ni ushauri mzuri, sikatai. Na kama una diski kwenye tundu la bluu la USB 3.0, kelele yake inajulikana kuvuruga Wi-Fi ya gigahezi 2.4, kisha Wi-Fi inajaribu tena na tena na kuiamsha prosesa bila sababu.

#12 Mvuvi_Dunga

Nimekubali, yangu ni Pi 3. Lakini nimezima na ikapona, na sababu ya mchana na usiku bado inaingia.

#13 Bondeni_Biti (Nakuru)

Kwani kwa nini asiweke FL Studio? Biti zote za mtaa zinatengenezwa huko. Nimeona video mtu akiifungua kwa Pi.

Mimi niko na Orange Pi 5, bodi ya kampuni nyingine, inashinda Pi 4 mbali sana.

#14 Kinanda_Lurambi

FL Studio imetengenezewa Windows na Mac. Pi iko kwenye Linux, na prosesa yake inaongea ARM, lugha tofauti na ya kompyuta nyingi za Windows. Kuifungua unahitaji mkalimani wa Windows juu ya mkalimani wa prosesa. Hata ikifunguka, kila amri inatafsiriwa, na kurekodi sauti kwa wakati ni kazi isiyopenda wakalimani wawili.

Zilizopo kwa ARM zenyewe: Reaper ina toleo lake rasmi, Ardour, LMMS, Qtractor, Hydrogen kwa ngoma, hata Renoise ina toleo la Raspberry Pi. Kwa vinanda kuna ZynAddSubFX, Surge XT, FluidSynth. Kwa gitaa kuna Guitarix. Ambacho hutapata ni plagini (programu-nyongeza za ala na madoido) nyingi za kulipia za Windows. Hapo ndipo mtu aamue kama studio yake ni ya kurekodi watu ama ya kukusanya plagini.

Orange Pi 5 ni nzuri. Ila kumbuka ina viini vinne vikubwa na vinne vidogo. Mfumo ukihamisha kazi ya sauti kutoka kiini kikubwa hadi kidogo katikati ya wimbo, utasikia. Wewe unaifunga kwenye vikubwa?

#15 Bondeni_Biti

Ndiyo, kwa `taskset`. Kabla ya hapo ilikuwa inanikatikia pia. Sikujua ni kwa nini, nilifuata tu maelekezo. Asante mkubwa.

#16 Mwalimu_Shinyalu (Kakamega)

Naleta kisa changu. Shuleni tuna klabu ya muziki na tulipewa Pi tatu. Tulitaka kurekodi isukuti, ile ngoma ya jamii za Isukha na Idakho ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na wazee walitaka kila moja isikike. Kadi yetu ina matundu mawili. Nikaona nitumie kadi mbili za USB kwa wakati mmoja.

Ilifanya kazi dakika mbili, halafu tik, halafu tik tik. Nilibadilisha kila kitu: chaja, kebo, kadi ya kumbukumbu. Mwisho nikaelezwa kwamba kila kadi ya sauti ina saa yake ya ndani, na hakuna saa mbili zinazoenda sawa kabisa. Moja inatoa matone 48000 kwa sekunde, nyingine 48001, na baada ya muda ndoo ya mmoja inafurika. Kuna programu ya kuzipatanisha, zita-ajbridge, lakini mimi niliacha nikaazima kadi ya matundu manne.

Nyuzi_Nane, hujachomeka kitu kingine chenye sauti? Kamera? Maikrofoni ya USB?

#17 Nyuzi_Nane

Mwalimu, ni kadi moja tu. Lakini kisa chako kimenisaidia kuelewa.

#18 MzeeWaOrutu (Siaya)

Vijana, nawasoma kwa furaha. Niruhusuni niseme jambo moja. Benga, muziki wetu wa gitaa, ya miaka ya 70 ilipitia Kericho kwenye studio ya Chandarana, na mtayarishaji Oluoch Kanindo akaisambaza hadi kusini mwa Afrika. Watu walisafiri kutoka Siaya, Homa Bay, hata ng'ambo ya mpaka, kwenda mahali penye mashine. Aliyekosa nauli hakurekodiwa. Wapo wapiga nyatiti, kile kinubi cha Kijaluo, niliowasikia kwa masikio yangu, wakafa, na hakuna hata dakika moja yao iliyobaki.

Leo mashine inaingia mfukoni na inaenda kwa mzee nyumbani. Kwa hivyo mtafutieni huyu kijana jibu. Msimwache.

#19 Mama_Alto

Mzee umenigusa. Ahsante.

#20 Section58

Mzee, heshima zangu. Lakini hata laptopu inaenda kwa mzee nyumbani. Na hayo mambo ya sola, pigeni hesabu kamili. Pi na kadi ya sauti ni kama wati 8. Betri ya volti 12 na 7Ah ni 84Wh, na ya asidi hutakiwi kuimaliza zaidi ya nusu, kwa hivyo 42. Hapo unapata saa tano. Ukiwasha skrini ya kawaida ya wati 18, jumla inakuwa 26, na betri inaisha kwa saa moja na nusu. Watu wanataja wati za Pi wanasahau kioo.

#21 Nyuzi_Nane

Section58 hesabu yako ni sahihi kabisa, niliumia na hilo mwanzoni. Sasa natumia kioo kidogo cha inchi saba.

Taarifa mpya: nimepata chaja rasmi. Nimerekodi leo saa saba mchana hadi saa tisa. `get_throttled` inasema 0x0. Joto lilifika nyuzi 74. Mikwaruzo imepungua sana lakini bado ipo, kama mmoja kila dakika mbili au tatu. WayaMbili Mungu akubariki, ila hatujafika.

#22 Bati_Moto

Nyuzi 74! Nilisema nini?

#23 WayaMbili

74 bado ni chini ya 80, na namba imesema 0x0, hakuna lililopunguzwa. Joto halina kesi hapa.

Niulize kitu kingine. Karibu na hapo kuna fundi wa kuchomelea?

#24 Nyuzi_Nane

Yupo. Milango miwili kutoka kwangu, anatengeneza mageti na vitanda. Anaanza saa nne, anafunga saa kumi na moja jioni.

#25 WayaMbili

Basi. Mashine ya kuchomelea ikigusa chuma, taa za majirani zote zinapepesa. Voltage ya laini inaanguka kwa kufumba na kufumbua, na cheche yenyewe inatupa kelele kwenye waya. Chaja nzuri inazuia sehemu kubwa, si yote. Tena kelele haihitaji kupita kwenye chaja: waya wa maikrofoni ukiwa na kinga mbovu unaipokea hewani kama antena. Mchana anachomelea, usiku amelala. Mnaona?

#26 Kinanda_Lurambi

Hii inaweza kupimwa bila kubishana. Nyuzi_Nane, fungua faili, vuta picha ya sauti hadi uone nukta moja moja. Kama mashine ilichelewa na ndoo, utaona mstari umekatwa: wimbi linaruka ghafla kutoka hapa hadi pale, kwa sababu kipande kimekosekana. Kama ni umeme wa nje, wimbi la mwimbaji linaendelea vizuri, ila juu yake kuna mwiba mwembamba uliosimama, labda wenye mitetemo midogo nyuma yake.

#27 Mwalimu_Shinyalu

Hilo naenda kuwaonyesha wanafunzi kesho.

#28 Nyuzi_Nane

Nimekaa nayo hadi saa saba usiku. Nimehesabu mikwaruzo ishirini ya wiki hii, ya kabla na baada ya chaja. Kumi na mitatu ni mstari uliokatwa. Saba ni mwiba.

#29 Mama_Alto

Kwa hivyo ni magonjwa mawili?

#30 Kinanda_Lurambi

Inaonekana hivyo, Mama. Kati ya ile kumi na mitatu, mingapi ni ya baada ya chaja mpya?

#31 Nyuzi_Nane

Mitano. Miiba baada ya chaja ni mitatu.

#32 Mvuvi_Dunga

Hiyo mitano iliyokatwa ni kadi ya kumbukumbu! Kadi nyingi sokoni zimeandikwa namba kubwa na ndani hamna kitu. Traki nane zinaizidi nguvu.

#33 Kinanda_Lurambi

Tuhesabu. Sauti ya biti 24 (Mama, hizi tena si za ngoma) ni baiti 3 kwa tone. Mara 48000 ni 144,000 kwa sekunde kwa traki moja. Na kadi yake ina matundu mawili tu, kwa hivyo anaandika traki mbili kwa wakati mmoja na kusoma sita. Zote nane ni baiti 1,152,000 kwa sekunde, yaani megabaiti moja na kidogo. Hata kadi ya daraja la 10 inapaswa kuandika megabaiti 10.

Lakini sikupingi moja kwa moja. Kadi hizi hazina mwendo sawa. Zinaandika vizuri, halafu zinasimama kujipanga ndani, wakati mwingine zaidi ya nusu sekunde, hasa zikikaribia kujaa. Ila kwa nini zisimame mchana tu? Hapo hoja yako inapungua. Hata hivyo ningehamisha kazi zote kwenye diski ya SSD, kwa sababu nyingine: stima ikikatika wakati kadi inaandika, faili linaweza kuharibika lote.

Nilishapoteza kazi ya wiki mbili kwa njia hiyo. Ilikuwa sauti ya litungu, kinubi cha Kiluhya, ya babu yangu. Sijaipata tena.

#34 MzeeWaOrutu

Pole sana mjukuu. Babu yuko hai?

#35 Kinanda_Lurambi

Yuko, mzee. Vidole ndivyo vimechoka.

#36 Bondeni_Biti

Samahani nikitoka nje kidogo. Hizo ala, mtu anaweza kuzitia ndani ya Pi azipige kwa kinanda? Ningependa nyatiti kwenye biti zangu, na zile nilizopata mtandaoni zinasikika kama gitaa.

#37 Nyuzi_Nane

Inawezekana, nimeanza. Nyatiti ina nyuzi nane. Nimerekodi kila uzi kwa nguvu tatu, pole, wastani, kali, mara mbili mbili ili isisikike kama mashine inayorudia. Hiyo ni vipande 48. Kila kimoja sekunde 6 za stereo kwa biti 24 ni kama megabaiti 1.7, zote kama 83. Kwa RAM ya 4GB hilo ni jambo dogo.

Shida haiko kwenye mashine. Nyatiti haifuati vipimo vya piano. Ukiipanga kwenye funguo za kinanda halafu programu "ikakusahihishia", umeua kitu. Mimi nimeacha kila uzi na sauti yake kama mzee alivyoufunga siku hiyo, nikaweka funguo nane tu. Na usisahau pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu inayogonga ubao, pamoja na njuga. Bila hizo utapata nyuzi bila mwendo. Pete nimeirekodi peke yake.

#38 MzeeWaOrutu

Huyu kijana anaelewa. Na wapigaji wawili hawafungi nyuzi sawa, kumbuka hilo. Andika jina la aliyepiga ndani ya faili, na siku, na mahali.

#39 Bondeni_Biti

Nitumie nikulipe, niambie tu bei. Na jina la mzee nitaliweka kwenye wimbo.

#40 Nyuzi_Nane

Nitamuuliza mwenyewe kwanza, ni sauti yake.

Narudi kwa tatizo. Leo nimefanya jaribio: nimetoa Pi kwenye stima kabisa, nikaiweka kwenye betri ya sola pamoja na kadi ya sauti. Bafa 1024, Wi-Fi imezimwa, kasi imewekwa `performance` kama alivyosema Kinanda. Nimerekodi saa saba hadi saa tisa na nusu. Hakuna mkwaruzo hata mmoja. Nimeipitia yote.

#41 WayaMbili

Umeitoa kwenye stima, ikapona. Ni fundi wa mageti.

#42 Kinanda_Lurambi

Umebadilisha vitu vinne kwa siku moja, ndugu yangu. Sasa hatujui ni kipi.

#43 Bati_Moto

Leo Kisumu imenyesha tangu saa tano. Joto lilikuwa ngapi?

#44 Nyuzi_Nane

Ni kweli imenyesha. Nyuzi 58. Na kuna jambo lingine ambalo lazima niseme: fundi hakufungua leo. Ameenda matanga Ugenya, atarudi Ijumaa.

#45 Mama_Alto

Uwiii.

#46 Section58

Sitasema neno. Ila nikiri kitu: nilikuwa nadhani hizi ni za watoto kujifunzia. Sikujua zinabeba traki nane. Anayejua bei ya kasha la alumini hapa Nakuru aniambie, kijana wangu anaomba moja.

#47 WayaMbili

Section58, njoo kesho nikuonyeshe yangu, niko na ya ziada.

Nyuzi_Nane, fundi akirudi, fanya hivi: acha kila kitu kama kilivyo leo, badilisha stima tu. Saa ya kwanza betri, saa ya pili chaja, saa ya tatu betri tena. Na uandike saa kila anapochomelea.

#48 Bati_Moto

Na andika joto kila dakika kumi. Nisionewe.

#49 Kinanda_Lurambi

Kisha rudisha bafa 256 kwenye betri uone. Kama mstari utakatika hapo wakati fundi amelala, basi ni mfumo wenyewe. Kama unaweza, jaribu pia kerneli (moyo wa mfumo wa Linux) yenye mpangilio wa wakati halisi. Tangu toleo la 6.12 la mwaka 2024 sehemu hiyo imeingizwa ndani ya Linux yenyewe.

#50 Nyuzi_Nane

Nimeandika yote kwenye daftari. Ijumaa na Jumamosi nitapima, nitaleta faili na picha zake hapa hapa.

#51 Mama_Alto

Na sisi kwaya tuje Jumapili saa ngapi? Wengine wana watoto.

#52 Nyuzi_Nane

Mama, Jumapili fundi hafungui. Njooni saa nane baada ya ibada. Nikiona joto linapanda tutapumzika kidogo, kuna kivuli nje.

#53 MzeeWaOrutu

Na yule mpiga orutu wa Bondo? Nauli yake ulimrudishia?

#54 Nyuzi_Nane

Nilimtumia jana, mzee, pamoja na ya kuja tena. Anafika Alhamisi jioni, atalala kwetu. Tutaanza saa tatu usiku.